Vumbi la kaboni faiba kwenye karakana ya watu wengi

SWALI: Shikamoo fundi. Natengeneza fremu za droni kwa bamba la kaboni faiba la milimita 3. Nafanyia kazi karakana ya pamoja hapa Dar es Salaam, chumba kimoja na fundi simu, dada anayeshona mabegi na seremala. Nakata kwa grenda, napiga msasa, halafu nafagia. Siku hizi dada wa mabegi analalamika mikono inamwasha, na fundi simu anadai vumbi langu limemuunguzia pawa saplai. Naona kama ananisingizia. Pia kuna mashine ya leza ya kukatia mbao, naweza kuitumia?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Kabla hujamkasirikia fundi simu, muazime mita yake. Chukua kipande cha bamba, piga msasa na maji kwenye kingo mbili zinazotazamana mpaka ule mng'ao wa resini (gundi ngumu inayoshikanisha nyuzi) utoke, kausha, kisha weka mita kwenye oms (kipimo cha ukinzani wa umeme) na ugusishe waya mmoja kila ukingo. Itasoma namba ndogo sana. Kaboni inapitisha umeme, na kila chembe inayoruka kutoka kwenye grenda yako ni kipande cha waya kinachoelea hewani. Mei 1999 ndege za NATO zilimwaga nyuzi za aina hii juu ya mitambo ya umeme ya Serbia, na sehemu kubwa ya nchi ikaingia gizani. Pawa saplai yenye feni inayovuta hewa ya chumba haihitaji nyingi hivyo.

Mimi nilianzia kwenye boti za fibaglasi. Nyuzi zake ni za kioo, na kioo hakipitishi umeme, kwa hiyo nilipoingia kwenye kaboni nilibeba mazoea yale yale: msasa mkavu, feni nyuma yangu, mlango wazi. Siku moja mwenzangu aliwasha mashine yake ya kuchomelea ya inveta, ikapiga mlio mmoja ikazima. Tulipoifungua tukakuta utando mweusi kama manyoya ya paka umelala juu ya bodi. Niliilipa, na ilikuwa haki yake nilipe.

Dada wa mabegi naye anasema kweli. Uzi mmoja wa kaboni una unene wa mikroni 5 hadi 7 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), wakati unywele ni kama 70. Vipande hivyo vinachoma ngozi kama upupu, na vikiingia kwenye kitambaa vitasafiri hadi begani kwa mnunuzi. Uzi mzima kwa kawaida unanaswa puani na kooni. Ila grenda na msasa husaga uzi pamoja na resini, na chembe zilizo chini ya mikroni 3 hufika ndani kabisa ya mapafu. Hizo hazionekani mchana. Usiku ukimaliza kazi zima taa, washa tochi na uielekeze kwa ubavu katikati ya chumba. Utaona wenzako wanavuta nini, na utaona vumbi bado linaelea muda mrefu baada ya wewe kuweka vifaa chini.

Kwa hiyo grenda iache kabisa kwa kazi hii. Inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, inatupa vumbi kila pembe na inachoma epoksi, yaani ile resini. Epoksi nyingi zinalainika kabla ya kufika sentigredi 150, na ukingo ulioungua hauna nguvu tena. Na tafadhali usije ukasema utaimwagia maji: grenda ya umeme wa ukutani na maji ni kifo.

Kwa bamba la milimita 3 msumeno wa mkono unatosha. Tafuta msumeno wa kukatia chuma wenye meno madogo kabisa, au bora zaidi ule mweusi uliopakwa chembe za kabaidi (kitu kigumu kuliko chuma), maana chuma cha kawaida kaboni inakila upesi. Bana bamba juu ya beseni, bandika tepu ya karatasi kwenye mstari wa kukata, na toboa kifuniko cha chupa ya maji yenye tone la sabuni ya vyombo ili yadondoke pale pale penye meno. Vumbi linageuka tope jeusi na kubaki kwenye beseni. Msasa vivyo hivyo: wa maji, namba 240 halafu 400, ukiuchovya kila mara.

Kutoboa ndiko wengi wanakoharibu. Weka bamba katikati ya vipande viwili vya plaiwudi, bana kwa nguvu, tumia biti ya kabaidi, na biti ikikaribia kutokea upande wa pili punguza mkandamizo. Ukisukuma, tabaka la chini linabanduka na tundu la skrubu ya mota linakuwa na ndevu. Hapa maji hayatumiki, kwa hiyo mtu ashike mdomo wa vakyumu sentimita 2 au 3 kutoka kwenye biti. Iwe vakyumu ya karakana yenye chujio la HEPA, linalonasa chembe ndogo sana. Ile ya kufagilia zulia inatema chembe ndogo kwa nyuma, na vumbi likifika kwenye mota yake, nayo inakufa.

Barakoa ya hospitali haitoshi. Vaa barakoa ya vumbi ya FFP3, au ya mpira yenye vichujio vya P3, na ikae imebana usoni bila ndevu katikati. Miwani inayoziba pembeni, glavu, na ovaroli unayoivua kabla ya kutoka na kuifua peke yake.

Ufagio na kompresa marufuku. Futa kwa kitambaa chenye maji. Tope liache litulie usiku kucha, mwaga maji ya juu taratibu, funga lililobaki kwenye mfuko likiwa bado bichi. Usilichome jalalani pamoja na taka nyingine, maana moto unakula resini na kuziachia nyuzi zipeperuke mtaa mzima. Ukingo uliokamilika upake supa gluu, usije ukamchoma mteja mkono.

Leza, hapana. Resini inaanza kuoza kwenye sentigredi 300 na kitu, kaboni yenyewe haigeuki mvuke mpaka zaidi ya 3,600. Leza ya mbao itachoma gundi, itajaza chumba moshi wenye sumu, na itakuachia nyuzi zimesimama kama brashi.

Kuhusu pawa saplai: mwambie fundi simu asiwashe kifaa kingine chochote mezani kwake kwanza. Vichomolewe vyote, vikae mpaka kapasita ziishe chaji, vifunguliwe na kunyonywa vumbi kwa vakyumu na brashi laini, bodi zifutwe kwa spiriti na kukauka. Kazi hiyo nenda ukaifanye naye wewe mwenyewe, kesho asubuhi, kabla hujakata kipande kingine.