Petroli inazidi mizunguko ikipanda: je, nipunguze jeti kuu?

SWALI: Nina Ford Escort yenye injini ya cc 1,600 na kabureta mbili za Weber 40 DCOE, jeti kuu (kipande chenye tundu linalopima petroli) 135 na jeti ya hewa 170; namba ni kipenyo cha tundu katika sehemu za mia za milimita. Nikikanyaga mafuta hadi mwisho, kipimo kinasoma kilo 12.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika, lakini ikifika 6,500 kinashuka hadi 11.3, yaani petroli inazidi, na nguvu inakatika. Je, nifunge jeti kuu ya 130? Msomaji, Nakuru.

JIBU: Ndugu msomaji, nakusihi usiifunge. Jeti kuu husogeza mchanganyiko wote kwa pamoja, chini na juu. Kutoka 135 hadi 130 eneo la tundu hupungua kwa takriban 7%, kwa hiyo 11.3 yako itakuwa kama 12.2, jambo ambalo litakufurahisha, lakini 12.7 itapanda hadi karibu 13.7, na hapo kwenye 4,000 ndipo silinda hujaa vizuri zaidi na hatari ya injini kugonga (mchanganyiko kulipuka ovyo ndani ya silinda) huwa kubwa. Utakuwa umetibu juu kwa kuumiza katikati.

Kabureta yoyote ya jeti moja tupu huzidisha petroli kadiri hewa inavyopita kwa kasi kooni, yaani sehemu nyembamba ya kabureta. Jeti ya hewa imewekwa kuzuia hilo: mvuto ukiongezeka, huingiza hewa kwenye mrija wenye matundu na kuilegeza petroli kabla haijafika kooni. Tundu lake likiwa kubwa zaidi, petroli hupungua sana kwenye mizunguko ya juu na kidogo tu katikati. Kwa hiyo iache 135 mahali pake, funga jeti ya hewa ya 190 kwenye makoo yote manne ya kabureta zako, upime tena. Ikibaki chini ya 12.5 kule juu, nenda 200. Lengo ni mstari ulio kati ya 12.5 na 13.0 kutoka 3,000 hadi mwisho.

Kabla ya hayo, hakikisha kimo cha floti (boya linalosukuma sindano ya kufunga petroli kabureta ikijaa) ni sahihi na presha ya pampu haizidi takriban 0.25 bar, kwa sababu presha kubwa huishinda sindano ya floti na vipimo vyote vikawa vya uongo. Pima kwa gia ya tatu, na upuuze sekunde ya kwanza, kwani hiyo ni petroli ya ziada inayosukumwa na pampu ya akseleta unapokanyaga. Jihadhari pia na injini inayokosa moto: petroli na hewa visivyoungua hutoka pamoja, sensa ya kipimo chako huona ile oksijeni na kusoma kwamba petroli ni chache, hata kama tatizo lenyewe ni petroli kuzidi. Wengi huongeza jeti hapo, na hali huharibika zaidi.

Jeti kuu itakuhusu utakaposhuka Mombasa. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Hewa nzito ya pwani itapunguza uwiano wa petroli kwa karibu 9%, na 12.7 itasogea kuelekea 13.9. Funga 140 kabla ya kukanyaga hadi mwisho, ukiiacha jeti ya hewa uliyoichagua Nakuru, kisha upime upya.