Maswali ya wasomaji: Mkutano wa wanaoacha pombe unapatikana wapi?

Barua nyingi nilizopokea karibuni zinahusu vikundi ambamo watu wenye uraibu wa pombe husaidiana kuacha. Ninajibu tano kati ya hizo, nikiwa nimezifupisha na kuyaacha majina.

Nimejaribu kuacha pombe mara nyingi nikashindwa. Niko Nakuru. Nikitaka kukaa na wenzangu walioacha, nianzie wapi?

Ndugu yangu, anza na simu. Ushirika unaojulikana zaidi ni Alcoholics Anonymous, yaani AA, ulioanza mwaka 1935 katika mji wa Akron, Marekani, baada ya walevi wawili, mmoja mfanyabiashara wa hisa na mwingine daktari wa upasuaji, kutambua kwamba kuzungumza na aliyepitia mateso yaleyale kuliwazuia kunywa pale ambapo ahadi na mawaidha yalikuwa yameshindwa. Nchini Kenya, piga 1192, namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, uulize kuhusu ushauri na vikundi vilivyo karibu nawe; wauguzi na washauri wa vitengo vya uraibu, kama kile cha Hospitali ya Mathari jijini Nairobi, nao huwa wanajua kikundi kipi kinakutana kweli na kipi kimebaki jina tu. Thibitisha siku na saa kabla ya kupanda matatu, kwa sababu kikundi kidogo huweza kuhama ukumbi na tangazo la zamani likabaki palepale. Ukipata zaidi ya kimoja, mimi ningekushauri uchague kilicho karibu na nyumbani, maana utahitaji kurudi wiki baada ya wiki.

Mimi ni mwanamke Muislamu, naishi Mombasa. Nimeelekezwa mkutano ulio katika ukumbi wa kanisa. Naogopa kuonekana, na sitaki kubadilishwa dini.

Dada yangu, hofu yako ninaielewa, kwani mwanamke anayekunywa hubebeshwa aibu maradufu. Vikundi vingi hukodi ukumbi wa kanisa kwa kuwa ni nafuu na una nafasi jioni; kikundi chenyewe si cha dhehebu lolote. Hatua 12 za AA, yaani mwongozo wake wa kuacha pombe, humtaja Mungu, lakini kila mmoja humkusudia kwa namna anavyomjua yeye, na sala zako tano hakuna atakayezigusa. Kuhusu kuonekana, uliza kama mkutano ni wa wazi, ambao hata jamaa na wanafunzi huruhusiwa kuingia, au ni wa faragha, ambao ni wa wenye tatizo la pombe peke yao. Chagua ule wa faragha. Humo watu hutumia jina la kwanza tu, yanayosemwa hayatolewi nje, na atakayekuona humo naye yumo.

Je, nitalazimika kusema au kulipa?

Hapana. Unaweza kusikiliza tu kwa muda wote, ambao mara nyingi ni dakika 60 hadi 90. Hakuna ada, kikapu hupitishwa kwa ajili ya kodi ya ukumbi na chai, na mgeni halazimiki kutia chochote.

Nakunywa tangu asubuhi, na nisipokunywa mikono hutetemeka. Nataka kuacha leo usiku ili kesho nifike mkutanoni nikiwa safi.

Tafadhali usiache ghafla ukiwa peke yako. Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku ukinyimwa kwa mara moja huanza kutetemeka na kutoka jasho ndani ya saa chache. Degedege huweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza, na kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa, huona visivyokuwepo, na moyo huenda mbio, hali ambayo huua isipotibiwa. Nenda hospitali kwanza, ueleze bila kuficha unakunywa kiasi gani na kama umewahi kupata degedege. Huko daktari anaweza kukupa dawa kama diazepam, ambayo kipimo chake hupunguzwa taratibu, pamoja na vitamini B1 ya kulinda ubongo. Vidonge hivyo usijinunulie mwenyewe. Wala hakuna anayekudai ufike mkutanoni ukiwa safi. Sharti pekee la kujiunga ni nia ya kuacha kunywa, kwa hiyo hata aliyekunywa siku hiyo huweza kukaa kimya na kusikiliza. Ninasisitiza haya kwa sababu kikundi hakina muuguzi wala kitanda, na wenye busara humo watakuambia hivyohivyo.

Mume wangu hataki kwenda. Na kijijini kwetu hakuna mkutano wowote.

Mama, unaweza kwenda wewe. Al-Anon, ulioanzishwa mwaka 1951, ni ushirika wa jamaa za walevi, na hauhitaji mlevi mwenyewe akubali lolote. Kwa umbali, AA na Al-Anon wote wana mikutano ya intaneti na ya simu. Kaa mahali ambapo hutasikika, na kamera si lazima uiwashe. Siku mumeo atakapokuwa tayari, ajue pia kwamba kwa desturi ya AA walevi wawili au watatu wanaokutana kwa nia ya kuacha pombe wanatosha kuitwa kikundi. Akimpata jirani mmoja mwenye nia hiyo, wanaweza kuketi chini ya mwembe wenu Jumamosi hii.