Kisigino kinachouma asubuhi: mwiba hauna kosa

SWALI: Dada mtaalamu, pole na kazi. Nina miaka 47, nauza chai na chapati hapa Tanga, nasimama tangu alfajiri. Ni miezi mitano sasa kisigino cha kulia kinanitesa. Nikishuka kitandani ni kama nakanyaga msumari. Nikitembea kidogo kinaachia, lakini jioni uvungu wa mguu unavuta. Nilipigwa picha nikaambiwa nina mwiba wa mfupa, nichomwe sindano. Jirani anasema ni gauti, niache maharage na nyama. Sindano naiogopa, na biashara siwezi kufunga. Nifanyeje?
Mama Chapati, Tanga

JIBU: Pole sana, dada yangu. Hizo hatua za kwanza za asubuhi zimenieleza mengi kuliko picha uliyopigwa. Chini ya wayo kuna ukanda mgumu unaotoka kwenye mfupa wa kisigino hadi kwenye mashina ya vidole. Ndio unaoshikilia uvungu wa mguu. Ukisimama saa nyingi kwenye saruji, ukanda huo unaelemewa pale ulipojishika kisiginoni. Usiku ukanda unalala umelegea, asubuhi unaukurupusha kwa uzito wako wote, nao unalia. Hebu bonyeza kwa dole gumba pale wayo unapokutana na kisigino, upande wa ndani. Ukishtuka, ndipo penyewe.

Mwiba, yaani kijimfupa kilichoota kisiginoni, usikutie hofu. Watu wengi wanao na hawajawahi kuumwa hata siku moja, na wengine wanaumwa bila kuwa nao. Usikubali kupasuliwa eti kwa sababu umeonekana kwenye picha. Gauti nayo kwa kawaida huja ghafla, mara nyingi kwenye kidole gumba cha mguu. Kiungo huvimba na kuwa cha moto, hata shuka likigusa huvumilii. Ulivyoeleza wewe sivyo. Kula maharage yako.

Sasa dawa yenyewe, nayo huanzia kitandani. Kabla mguu haujagusa sakafu, kaa, pandisha mguu unaouma juu ya goti la pili. Shika vidole vyote vitano, uvivute kuelekea kwenye muundi. Kwa mkono mwingine papasa wayo: utausikia ukanda umekaza. Hesabu hadi kumi, achia, rudia mara kumi. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, na kila unapotaka kuinuka baada ya kukaa muda mrefu. Ukizidiwa na kazi, ruka ya mchana. Ya asubuhi usiiruke.

Kigimbi nacho kikikaza huvuta kisigino. Simama ukitazama ukuta, mguu unaouma uwe nyuma, goti limenyooka, kisigino kimekanyaga chini. Egemea ukuta kwa nusu dakika, mara tatu. Maumivu yakishapungua, usiache, maana hapo ndipo wengi wanapoacha kisha wanarudi kwetu wakichechemea. Viringisha kanga kuukuu, iweke chini ya vidole, shikilia ukuta, inuka juu ya vidole polepole kwa sekunde tatu, tulia mbili, shuka kwa tatu. Anza na miguu yote miwili, siku moja ufanye, inayofuata upumzike.

Kuhusu viatu nitasema kwa mkazo: ndala bapa ziache bafuni, na hata ndani usitembee peku kwa sasa. Raba za mtumba zinafaa sana ukijua kuchagua. Ikunje: ijikunje penye vidole, isivunjike katikati. Bonyeza nyuma ya kisigino, pawe pagumu. Kisha igeuze uone soli. Ikiwa imelika upande mmoja, irudishe kwenye fungu. Pale jikoni kwako tandika kipande cha mpira mnene, na chapati zisukume umekaa, usimame wakati wa kuchoma tu. Jioni gandisha maji kwenye chupa, funga kitambaa, iviringishe chini ya wayo kwa dakika kumi. Mwenye kisukari na ganzi miguuni hili asilifanye.

Sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na maumivu, inaweza kukutuliza kwa wiki kadhaa. Lakini chanzo hakiondoi, na ikirudiwarudiwa ukanda unaweza kuchanika au mafuta ya kisigino yakasinyaa. Mimi ningeiweka nyuma kabisa. Vidonge vya diklofenaki navyo usimeze kila siku kwa mazoea, hasa kama una presha, figo au vidonda vya tumbo.

Ukanda huu hupona taratibu, dada. Wengi hupata nafuu ya kweli bila kisu, ila huchukua miezi, wakati mwingine hadi mwaka. Usijipime kwa jioni ya siku ya mnada; pima zile hatua za asubuhi, wiki hadi wiki.

Ila kukiwa na ganzi, uvimbe, homa, maumivu yanayokuamsha usiku, au kitu kikakatika ghafla wayoni, muone daktari mara moja. Na usipoona mabadiliko baada ya miezi mitatu ya mazoezi haya, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, uulizie fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo. Siku hiyo usivae viatu vya kutokea. Nenda na vile vile unavyochomea chapati, tuvione.