Mtungi wa kilo 6 hauishi mapema kwa bahati mbaya

Msomaji mmoja ameniandikia kwa hasira: mtungi wake wa gesi wa kilo 6 umeisha hata wiki mbili hazijatimia, amerudi kwenye mkaa, na anauliza hii nishati safi inayohubiriwa kila siku ni ya nani. Ana haki ya kuuliza. Mkakati wa serikali uliozinduliwa Mei 2024 unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, na mitungi imegawiwa kwa ruzuku, mingine mikutanoni kama khanga za kampeni. Lakini mtungi wa kwanza si kazi. Kazi ni kuujaza mara ya pili, na hapo wagawaji hawapo.

Tuanze na hesabu. Jiko linalokaa juu ya mtungi, likifunguliwa mpaka mwisho, hula takriban gramu 200 kwa saa. Kilo 6 ni kama saa 30 za moto mkubwa. Ukipika saa mbili kwa siku, siku ya 15 umebaki na chuma kitupu, na hakuna aliyekuibia.

Ila wapo wanaoibiwa kweli. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma karibu na mshikio. Ukikuta 7.2, mtungi uliojazwa usome kilo 13.2 kwenye mizani, jiko likiwa limeondolewa juu yake. Angalia lakiri haijaguswa, upime kabla ya kulipa. Muuzaji anayenuna ukitaja mizani, mwache na mtungi wake.

Mkaa ndio uliotuharibu. Ukishawaka unaungua tu, upike usipike, kwa hiyo mtu anabandika chai, kisha maharage, kisha maji ya kuoga. Gesi ukiizoesha hivyo itakufilisi. Katakata kitunguu na nyanya zote kabla ya kuwasha. Funika sufuria. Moto ukianza kulamba ubavu wa sufuria, unapasha hewa ya jikoni, punguza. Chakula kikishachemka, moto mdogo unatosha, maana maji yanayochemka taratibu na yanayoruka yana joto lilelile. Wali ukikaribia kukauka, punguza moto mpaka mwisho, bana mfuniko, na dakika kumi za mwisho zima kabisa. Utaiva bila kupaliwa makaa.

Mla gesi mkuu ni maharage. Makavu, yasiyolowekwa, yanaweza kuchukua saa mbili hadi tatu; hata kwa moto wa wastani, sufuria moja inakula gesi nyingi. Loweka tangu jioni, mwaga maji hayo, upike kwa sufuria ya presha: ikianza kupuliza, punguza moto, na baada ya nusu saa hivi yameiva. Mwenye umeme wa uhakika atumie presha ya umeme. Nusu kilo ya maharage haimalizi uniti moja ya LUKU.

Moto ukiwa wa njano na sufuria inashika masizi, matundu ya jiko yameziba, mara nyingi kwa uji au maziwa yaliyofurika. Zima, liache lipoe, sugua kwa mswaki mkavu. Mtungi ukikaribia kuisha usiulaze wala kuutia kwenye maji moto kutafuta gesi ya mwisho. Ni hatari, basi. Na ile hela ya kopo la mkaa iweke kwenye kibubu kila siku, kwa sababu gesi haiuzwi kwa kopo.

Kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio, usijaribu kwa kiberiti. Povu likitoa mapovu mapya, kuna mvujo. Mara nyingi ni kile kimpira cha duara kilichochakaa. Ile harufu kali huongezwa makusudi ili ushtuke. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini mpaka uvunguni, na wanaopika na kulala chumba kimoja wafunge koki kila usiku. Ukiisikia harufu hiyo, funga koki, fungua mlango na madirisha, toa watu nje, na swichi ya taa usiiguse, hata kwa kuzima.