Kumtambua nyuki mkata-majani: picha ya mgongo haitoshi

Ndugu uliyeuliza kutoka Njoro, umeleta picha ya nyuki mweusi mwenye mistari myeupe na ya majani ya waridi yaliyokatwa vipande vya duara, ukitaka jina la spishi. Mimi hukusanya nyuki wa porini pande za Nakuru na Kakamega, na kwa ushahidi huo ningefika kwenye jenasi ya Megachile tu, yaani kundi la spishi za karibu ambamo wamo nyuki wakata-majani. Jenasi hiyo ina spishi zaidi ya 1,400 duniani, na nyingi hazitofautiki kwa kutazamwa mgongoni.

Mgeuze nyuki kwanza. Jike hubeba chavua kwenye manyoya ya chini ya tumbo, ilhali nyuki wa asali huibeba kwenye miguu ya nyuma. Ukikuta jike asiye na manyoya hayo, tena mwenye tumbo lililochongoka nyuma, yaelekea ni Coelioxys, nyuki wa jenasi nyingine, ambaye hutaga katika viota vya Megachile na kwa hiyo huonekana palepale.

Kazi yenyewe iko kwenye taya za jike: idadi ya meno, na makali membamba yaliyo kati ya meno, ambayo ndiyo hukata jani. Wapo Megachile wanaojenga kwa utomvu au udongo, na hao kwa kawaida hawana makali hayo. Mfungue taya kwa pini angali laini, kwani akishakauka zikiwa zimefumbwa utamvunja. Dume hutazamwa miguu ya mbele, ambayo katika spishi nyingi imepanuka na kuwa na rangi hafifu, pamoja na ukingo wa pingili ya sita ya tumbo.

Ugumu ni kujua dume yupi ni wa jike yupi, maana hawafanani. Hapo napendelea viota kuliko wavu: funga vipande vya matete au mianzi, uvitundike chini ya paa, kisha kila kipande kilichozibwa kwa majani ukiweke katika chupa yake. Madume hutangulia kutoka, majike hufuata, nawe unapata jinsia zote mbili za kiota kimoja, ingawa Coelioxys naye aweza kutokea humo.

Andika mahali, tarehe na mmea kwenye lebo ya kila mmoja, kisha uwalinganishe na vielelezo vya Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Kwa sasa picha yako iandikie “Megachile sp.”, yaani spishi ya Megachile isiyojulikana bado; hao wanaokupa jina kamili kwa kutazama mistari ya tumbo wanakisia.