Maswali na Majibu: Mguu Ukiwa Hewani

Maswali ya safari hii yametoka Bagamoyo, na karibu yote yanalia kilio kimoja: mtu alikuwa anakwenda, picha ikamsimamisha.

Napiga picha wachukuzi wa samaki ufukweni mchana, kwa simu. Wanakimbia na ndoo kichwani, lakini kwenye picha wameganda kama sanamu. Simu yangu mbovu? (Msomaji, Dunda)

Simu nzima, kaka. Tatizo ni jua. Saa sita mchana pale pwani, ili picha isiungue, simu hufungua shata, yaani mlango wa kuingizia mwanga, kwa muda mfupi mno, pengine 1/5000 ya sekunde. Kwa muda huo hata anayekimbia hajasogea milimita moja. Mwendo unataka kama 1/15 ya sekunde, na kwa jua lile haiwezekani bila kichujio cheusi mbele ya lenzi.

Basi amka mapema. Bagamoyo jua linatokea baharini, kwa hiyo kwenye saa kumi na mbili asubuhi mwanga upo na jua lenyewe bado. Weka simu kwenye hali ya Pro (ile ya kupanga mwenyewe), ISO, yaani wepesi wa kunasa mwanga, iwe ya chini kabisa, shata 1/15, kisha mfuate mchukuzi mmoja kwa simu. Zungusha kiuno, mikono itulie. Ndoo na uso vitasomeka, mashua za nyuma zitakuwa michirizi. Katika kumi itafaa moja, usikate tamaa.

Kama ni lazima uende mchana, chagua hatua. Miguu inapopishana mtu huonekana amesimama wima. Ngoja ifunguke kama mkasi: kisigino cha nyuma kimeshainuka, mchanga bado unadondoka kwenye unyayo, kidole gumba tu ndicho kinachogusa chini. Hapo jicho la mtazamaji linaimalizia hatua lenyewe. Wachoraji walizoea kuchora farasi anayekimbia miguu yote minne imenyooka, mpaka mpiga picha Eadweard Muybridge alipopanga kamera kwa safu huko California mwaka 1878 na kuonyesha kwamba farasi huwa hewani miguu ikiwa imekunjwa chini ya tumbo. Mchoro wao haukuwa kweli, lakini mbio zilionekana. Hilo lina somo kwetu tunaochagua picha moja kati ya hamsini.

Mimi ni mwanafunzi wa ngoma TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Nataka picha moja inionyeshe mara tano nikiruka kutoka upande huu hadi ule. Inatengenezwaje?

Wazo hili lina umri, mdogo wangu. Miaka ya 1880 Mfaransa Étienne-Jules Marey alimvika mtu nguo nyeusi zenye mistari myeupe kwenye mikono na miguu, akampiga picha mara nyingi kwenye kioo kimoja cha kunasia picha. Mwili ukapotea, ikabaki mistari ya mwendo. Wewe una leya, matabaka ya picha kwenye kompyuta, kazi ni nyepesi zaidi.

Simu isisogee hata kidogo. Mimi siku nyingi sina stendi. Naiegemeza kwenye ndoo iliyojaa mchanga. Bonyeza kioo na kushikilia mpaka mwanga na fokasi vijifunge, kisha rafiki apige mfululizo wewe ukiruka. Fungua GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, panga picha tano kama leya juu ya picha moja ya mahali hapo pakiwa patupu. Kila leya kati ya hizo tano ipe maski nyeusi, yaani pazia la kuificha, halafu paka rangi nyeupe kwenye pazia hilo pale tu palipo na mwili wako. Na kivuli chako! Bila kivuli utaonekana umebandikwa kwa gundi.

Sasa penye siri. Usichague mikao mitano mizuri. Chukua picha kwa nafasi sawa za muda, tuseme kila ya nne. Anayeruka hupunguza kasi akikaribia kileleni na huiongeza akishuka, kwa hiyo miili itasongamana juu na kuachana chini. Mtazamaji hajui kwa nini, lakini anausikia mruko. Ukichagua kwa uzuri, mdundo umeuua. Leya ya kwanza ififishe hadi asilimia 30, ya mwisho iache kamili. Mimi binafsi ningeweka miili mitatu, tano ni msongamano wa daladala.

Tena angalia maji. Niliwahi kumrudisha mchezaji mara nane kwenye ukingo wa bahari huku maji yanajaa. Nilipofungua kompyuta, mwili wa kwanza ulikuwa mchangani, wa mwisho umezama hadi kwenye vifundo vya miguu, na hakuna leya iliyokubaliana na mwenzake. Tulirudia kesho yake.

Niliongeza ukungu wa mwendo kwa programu ya simu, picha ikaonekana imepakwa mafuta.

Umepaka kote. Mtu akitembea, mguu uliokanyaga umetulia kabisa, na ule wa hewani unakwenda zaidi ya mara mbili ya kasi ya mwili. Ukungu uwekwe kwenye mguu huo, vidole vya mkono na pindo la khanga, kwa kufuata njia ya kiungo: mkono hupita kwa upinde. Uso na mguu uliokanyaga usiviguse.

Kuunganisha picha si udanganyifu?

Ukiitundika kama sanaa, hapana. Ukiipeleka gazetini kama habari, ndiyo.

Ngoma ya usiku, flashi inawagandisha wote.

Kwenye kamera, weka shata 1/8 na uamuru flashi iwake mwishoni mwa mpigo badala ya mwanzoni. Michirizi ya taa itafuata nyuma ya mchezaji. Ikiwaka mwanzoni, ataonekana anarudi kinyumenyume.

Nataka kuchapa picha ya mwanangu akiruka kamba, ukubwa wa A3. Picha ya simu itatosha? (Mama, Magomeni)

Itatosha, dada. Kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi A3 inataka pikseli 4960 kwa 3508, ila ya ukutani, inayotazamwa kwa mbali, hata nusu ya hizo kila upande inapendeza. Usiitume WhatsApp kama picha, itabanwa. Itume kama faili. Na mwambie mwenye duka asikate ile nafasi tupu chini ya miguu ya mtoto. Atataka kuikata, wote hutaka.