Modeli inasema handaki limetulia, kuta zinabanana
Ndugu, umeuliza kwa nini modeli ya kompyuta inaonyesha handaki la mgodi limetulia kwenye kina cha mita 1,000 huku kuta zinakaribiana. Angalia kwanza nguvu ya mwamba uliyoingiza. Kipande cha mwamba kinachopimwa maabara ni kizima; mwamba wenyewe, hata huu wa mgodi wa Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka hapa Lubumbashi, una nyufa. Ukiweka namba ya maabara bila kuipunguza, modeli itakudanganya, na chini kule kuna watoto wa watu! Kwa kina hicho uzito wa mwamba wa juu unaleta mgandamizo wa megapaskali (kipimo cha mgandamizo) 27 hivi. Msukumo wa pembeni usiukisie, upimwe mgodini. Halafu pima kuta kila wiki, urekebishe modeli mpaka ifuate vipimo hivyo.